Prof, Bado Unaandika kwa Ofisi

Musyoka, Prof wetu,

Niaje huko. Najua pengine huko hamsalimiani hivyo, pengine mnaimba tu, lakini mimi sina salamu ingine. Ni mimi Karis. Nimeanza na jina lako la nyumbani ndio barua isikosee njia, maana huko juu ukiita tu "Prof" watageuka watu wengi, na wengi wao walisoma kweli.

Hii barua nimeianza nikaiacha, nikaianza nikaiacha. Naandika mstari, nasimama, naenda dirishani, naangalia wasee wa Dagoretti Corner wakinunua mahindi, narudi. Sijui kukaa siku hizi. Akinyi wetu wa ofisi anasema nimekuwa kama kuku ameona mgeni na kisu. Naandika nyuma ya makaratasi ya printa, ukigeuza utaona orodha ya nyumba upande ule mwingine. Makaratasi yenyewe ndiyo yalileta shida yote nataka kukuambia, kwa hivyo vumilia. Ndio, umesikia, nimesema Dagoretti Corner. Tumehama mjini. Lakini wacha nisikimbie.

Wacha nianze na ile itakuchekesha. Prof, ulikufa. Tukakuzika kwenu Mwala, tukarudi Nairobi na mchanga mwekundu kwa viatu, na siku ya kwanza ya kazi ukaandika kwa kompyuta kwamba kuna bedsita, chumba kimoja, Kawangware imebaki wazi na funguo iko kwa mama wa kiosk. Nakuapia. Imeandikwa pale juu, rangi ya bluu: Musyoka ameandika. Wafula alikuwa amesimama na chai, chai ikamwagika kwa suruali, akasema, "Mimi nimeokoka, lakini hii sasa ni kazi ya pasta, si yangu."

Kumbe ni Akinyi alikuwa ametaipu. Ile page uliifungua wewe, na jina lako, na paswadi yako. Kila mtu akiandika, inasema ni wewe. Ulipokuwa hai hakuna mtu aliona hiyo kitu, maana wewe ndio ulikuwa unaandika kuliko sisi wote. Ulipokufa ndio tukaona. Nikamwambia Wafula, "Unaona? Hata akiwa kaburini anakushinda kazi." Tulicheka, halafu kila mtu akarudi kwa kiti chake.

Unakumbuka venye tulikuwa kabla uje na hiyo maneno ya page? Mlango Wazi Agency. Mlango wazi, midomo imefungwa. Kazi ya ajenti wa nyumba ni kuficha, hiyo ndio tulifundishwa mtaani. Ukijua kuna nyumba imebaki wazi Lavington hausemi, hata bibi yako humwambii, maana atamwambia dada yake, na dada yake ana rafiki ajenti. Wafula alikuwa anaweka funguo za watu kwa soksi. Akitembea analia kama mbuzi wa sherehe. Akinyi alikuwa anapokea simu ya kastoma anaandika kwa kiganja, halafu anaenda kula, ananawa, na kastoma anaenda na sabuni. Na mimi nilikuwa naweka kila kitu kwa kichwa, na kichwa changu unakijua, ni ungo.

Tukawa tunapeleka watu wawili kwa nyumba moja. Tunapeleka mtu kwa nyumba ilienda juzi, imeshapata mpangaji. Unakumbuka ile ya Kileleshwa, mimi na Wafula tukakutana mlangoni, kila mtu na kastoma wake, tukaanza kusukumana kama watoto kwa foleni ya uji? Kastoma wangu akamuuliza wa Wafula, "Nyinyi mko na ajenti gani?" "Mlango Wazi." "Hata sisi." Wakaangaliana. Wakaenda zao pamoja, wakatuacha na ngazi.

Siku hiyo ulituweka chini. Haukukasirika, wewe ulikuwa hujui kukasirika, ulikuwa unavua miwani unaipangusa, hiyo ndio ilikuwa hasira yako. Ukasema, "Nyinyi ni watu wa meza moja sokoni, na kila mtu ameficha sukuma wiki yake chini ya sketi ya mwenzake."

Halafu ukaleta ile modem ya kuchomeka, ukafungua page. Ukasema ni notes za intaneti, kila mtu anaandika humo, mtu akiwa ofisini anaona, mtu akiwa kwa saiba Kangemi, kwa zile kompyuta za kulipia, anaona ile ile, na mmoja akibadilisha, imebadilika kwa wote. Mimi nikakuuliza kama ikinyesha Kangemi inalowa huku. Ulicheka, lakini haukuniacha. Ukasema kila nyumba tuandike vitu vitatu: nani ana funguo, mwenye nyumba hapendi nini, na kama imeenda au bado. "Si hadithi," ukasema. "Vitu vitatu."

Na wewe mwenyewe ukawa wa kwanza kuandika hadithi! Nimezisoma zote tena. Ile ya Kangemi: "Landilodi hapa msimwambie kastoma ni mpole. Mwambieni ni mfupi, hiyo ni kweli." Ile ya Kileleshwa juu: "Maji hupanda ikipenda." Na ya Mama Kavita kule Kitisuru, kale kanyumba ka nyuma ya bustani: "Usifike kabla ya saa nne, anaomba. Ukipewa chai maliza. Ukibakisha ataona umemdharau." Mimi shule niliacha darasa la sita, kusoma kwangu ni kwa kutembea na kidole, lakini hizo zako nilikuwa nazisoma kama gazeti la michezo.

Na ikafanya kazi. Sikukuambia ukiwa hai, maana ungevimba. Wafula akiwa Uthiru anamflashi Akinyi, simu inalia mara moja anakata, Akinyi anampigia, anaandika, mimi niko ofisini na kastoma, naangalia, naona. Soksi za Wafula zikanyamaza.

Sasa sikia ujinga wetu. Paswadi. Uliitaja, nakumbuka, ulisimama ukaitaja polepole kama mwalimu wa imla, ukasema, "Andikeni." Na sisi watatu, watu tumetoka kuhubiriwa kuandika kila kitu, tukasema, "Ah Prof, hiyo tutashika tu." Tukaandika mpaka jina la mbwa wa landilodi. Hiyo moja hatukuandika. Kwanza ya nini? Kompyuta ya ofisi ilikuwa imefunguliwa na wewe asubuhi, na nje ya ofisi paswadi yangu ilikuwa ni kumpigia Akinyi.

Ngoja, kuna mtu mlangoni.

Nimerudi. Alikuwa anauliza choo.

Halafu kifua chako kikaanza. Ukasema ni vumbi, ukasema ni baridi, mpaka tukakupeleka hospitali kule Upper Hill kwa lazima, Wafula amekushika huku, mimi huku. Siku ya mwisho nilikuja na machungwa, unakumbuka, nikayala mwenyewe maana wewe haungeweza. Ulikuwa na ile mpira ya hewa puani. Ukanivuta shati, nikainama nikifikiria unataka kuniachia maneno. Ukasema, "Ile ya Kileleshwa... mmeandika imeenda?" Nikakuambia, "Prof, lala bwana. Kufa ukifikiria fleti ya mtu ni aibu." Ukacheka ukakohoa. Nurse akanifukuza. Ndio hiyo. Hayo ndio yalikuwa maneno yetu ya mwisho, mimi na wewe. Watu wengine wanaachiwa baraka.

Tuliporudi kutoka mazishi, kompyuta ilikuwa bado imewaka, vile uliiacha. Page iko wazi. Akinyi akanyoosha mkono aizime kwa mazoea, na Wafula akapiga nduru. "Ukizima, itauliza paswadi!" Akinyi akarudisha mkono kama ameguswa na jiko.

Prof, hatujaizima tena. Tukaifunika na leso usiku, kama kasuku. Akinyi akabandika karatasi, USIZIME KWA JINA LA YESU. Stima ikipotea, ile betri chini ya meza inaanza kulia pi pi pi, na sisi watatu tunasimama tukiangaliana kama watu wako ICU, mpaka irudi. Tulijaribu kukisia paswadi kwa saiba. Tukajaribu mama yako, kijiji chako, timu yako. Mashine ikatuambia tukikosea tena itafunga kabisa, tukatoroka hata bila kuaga.

Kuna jamaa wa kurekebisha kompyuta pale chini alituambia inaweza kufunguka yenyewe ikiwashwa, na inaweza kukataa, hajui venye uliiweka. Sasa hilo ni jibu gani? Ni kama daktari akuambie utapona au utakufa.

Na nikuambie ukweli, haikuwa nyumba tu. Nyumba tungeandika upya. Ni venye asubuhi unafika, unaona Musyoka ameandika. Unajua ni Akinyi. Unajua kabisa. Lakini bado.

Basi tukakaa hivyo, kutoka mvua kubwa mpaka kiangazi kikaingia. Halafu mwenye jengo letu pale mjini akauza. Mpya akasema anakata ofisi zote ziwe vibanda vya kuuza nguo, unajua venye mji umekuwa, kila mtu anapewa kabati anaitwa duka. Tukaambiwa tutoke mwisho wa mwezi. Nikapata hii chumba ya Dagoretti Corner, juu ya hadiwea, duka la misumari na rangi. Rahisi, ina dirisha. Lakini kuhama ni lazima uchomoe kompyuta.

Ndio Wafula akasema, "Tuprinti." Na tukaprinti, kila nyumba, kila neno lako, Akinyi akamaliza karibu wino wote wa printa ya jirani. Nikafikiria yameisha. Kumbe ndio yanaanza. Wafula akachukua yale makaratasi, akayapiga mezani yakae sawa, akaanza kuyagawa. Moja kwake, moja kwangu, moja kwa Akinyi. Kama karata.

Nikamuuliza, "Wewe, unafanya nini?"

Akasema bila kuniangalia, "Karis, agency ilikuwa ya Prof. Prof hayuko. Tunahama kwenda wapi? Kila mtu achukue nyumba zake ajipange. Mimi niko na mtoto."

Nikamwangalia Akinyi, nikijua atamrukia, unamjua Akinyi. Akinyi akasema polepole kuna ofisi Upper Hill wanataka mtu wa mapokezi, na amewaambia atawajibu.

Prof, nilitaka kusema kitu ya kuchekesha. Hiyo ndio kazi yangu hapo ndani, si ndio? Nikatafuta, nikakosa. Nikatoka nje nikatembea mpaka Ngara na kurudi, bila sababu. Tulikuwa tumebaki pamoja kwa sababu ya mashine moja watu wanaogopa kuizima. Sasa wamepata karatasi, hawahitaji mashine. Hawahitaji mtu.

Wafula akaanza kufanya kazi na karatasi zake. Kwa zile zake alipata ya Mama Kavita, na funguo akaitoa kwa droo yangu. Akapata kastoma mzuri, bwana na bibi yake, watu wa suti. Akawapeleka Kitisuru. Alifika baada ya saa nne, hiyo alisoma. Hakugonga, maana karatasi imeandikwa nyumba iko wazi. Akafungua na funguo. Akaingia akisema venye sisi husema, "Karibuni, hapa ni kimya kabisa, mtalala mpaka msahau."

Na bafuni akatoka mzee mmoja na taulo, povu kwa masikio, ameshika tarumbeta kama rungu.

Nyumba ilikuwa imeenda! Mwalimu wa muziki, ameingia siku moja kabla. Mama Kavita alikuwa amepiga simu ofisini, na Akinyi alikuwa ameandika kwa page, imeenda, na ilikuwa pale kwa skrini kila mtu anaona. Kila mtu isipokuwa mwenye karatasi. Karatasi haijui kitu baada ya kuprintiwa, Prof. Inalala pale inakudanganya na sura ya ukweli. Wewe ulisema hiyo kitu siku ya kwanza na mimi nikakuuliza maneno ya mvua.

Yule bibi wa suti alipiga nduru, mwalimu akapiga nduru, mbwa wa Mama Kavita wakaja. Wafula aliruka ile ua ya maua akateguka mguu. Kiatu kimoja bado kiko huko.

Mama Kavita akapiga simu. Kwa hasira. Anataka funguo zote, za kanyumba na za zile fleti zake za Parklands, na hataki kutuona tena. Prof, ukitoa nyumba za Mama Kavita kwetu, tumebaki na bedsita na maombi. Hapo hakuna cha kugawana, hata ukiwa na karatasi zote. Akinyi akaniangalia, Wafula akaangalia mguu wake. Nikachukua funguo nikaenda.

Alikuwa amesimama kwa veranda, na sari yake nyeupe, mdogo venye unamjua, lakini siku hiyo alikuwa mrefu.

"Wewe Karisi! Hii mtu yako iko mwizi? Nafungua nyumba ya mtu kama nyumba ya mama yake?"

Nikasema, "Mama, tusamehe, ni makosa ya karatasi."

"Mimi hapana jua karatasi! Mimi jua Musyoka. Musyoka iko wapi? Mimi napiga simu, msichana nasema ametoka. Kesho napiga, ametoka. Kila siku ametoka! Kwani yeye iko kimbia mimi? Mimi nafanya nini yeye?"

Nikasimama tu na funguo mkononi. Hakuna mtu alikuwa amemwambia, Prof. Mimi nilijua Wafula amemwambia. Wafula alijua Akinyi amemwambia, si yeye ndio wa simu? Na Akinyi alikuwa anasema umetoka. Kila siku, hiyo mvua yote, umetoka kidogo.

Nikasema, "Mama, Musyoka alikufa."

Akasema, "Hapana."

Nikasema, "Alikufa, mama. Kifua. Tulimzika kwao."

Alikaa chini. Kwa ngazi, hapo hapo, yeye na sari yake nyeupe. Mbwa mmoja akakuja akalala karibu na yeye. Akauliza lini, nikamwambia, wakati wa ile mvua kubwa. Akahesabu na kidole gumba kwa vifundo vya vidole, venye wao hufanya, midomo inasonga. Halafu akasema, "Mimi iko kasirika na yeye hii siku zote. Kila siku mimi nasema, huyu mtu iko sahau mimi. Mimi iko gombana na mtu iko kwa Mungu."

Nikakaa ngazi ya chini yake. Tukakaa. Mwalimu alikuwa ameanza kupuliza kule nyuma, anapuliza vibaya.

Akaingia ndani akaniletea chai. Nikainywa yote mpaka majani. Nilipoinuka nikamnyooshea funguo. Hakuzichukua. Akasema, "Mpaka mwisho ya mwezi. Mimi naangalia. Na hapana tuma mimi mtu ya karatasi. Na hapana danganya mimi tena mtu ametoka."

Nilirudi mjini na miguu sehemu kubwa ya njia, sikutaka kukaa kwa gari. Nikaingia, nikawaambia. Wafula akashika kichwa. Akinyi akalia, si ile ya kelele, ile ya kufunga mdomo na mkono. Nikamuuliza, na nilikuwa na hasira, usifikirie nilikuwa mpole, nikamuuliza, "Umetoka, umetoka, ulikuwa unangoja arudi na nani?"

Akasema, "Nilijaribu, Karis. Nilisema kwanza niandike kwa page, ndio tukijua sisi wote niweze kusema kwa simu. Nikataipu, Musyoka amekufa. Halafu ikatokea juu. Musyoka ameandika: Musyoka amekufa. Nikafuta. Aki sikuweza."

Ile betri chini ya meza ikalia pi mara moja ikanyamaza.

Ndio Wafula, huyo huyo, akainuka na mguu wake wa kuchechemea, akachukua karatasi zake, akachukua zangu, akachukua za Akinyi, akaziweka pamoja akanipa. "Funga nazo vikombe," akasema. "Tunahama lini?" Akinyi akapangusa uso. Akasema hao wa Upper Hill atawapigia awaambie hapana, ofisi yenyewe ni baridi na haina mtu anachekesha. Nikamwambia kama ni kuchekesha bei yangu imepanda.

Nilichomoa mimi. Walikataa, wote wawili wakaangalia ukutani. Nikatoa leso, nikakunja vizuri. Nikazima vile inazimwa, si kwa kuvuta waya. Skrini ikawa nyeusi nikajiona hapo ndani, na nyuma yangu wale wawili. Vitu vingine vilikuja kwa mkokoteni. Kompyuta niliipakata.

Hapa juu ya hadiwea tukaiweka mezani, tukachomeka modem, tukawasha. Akinyi alikuwa anaomba kwa Kijaluo. Tukangoja. Na Prof, ikafunguka! Yenyewe! Haikuuliza kitu! Page yote, hadithi zako zote, jina lako pale juu. Kumbe uliiweka ikukumbuke. Miezi yote hiyo tunaifunika kama kasuku, tunakimbizana na betri, na ingefunguka tu! Akinyi alicheka mpaka akakaa sakafuni. Wafula alicheka mpaka akaanza kulia, halafu hatukujua tena nani anacheka na nani analia.

Wafula akasema, "Basi iko sawa. Tuendelee tu hapo hapo."

Na mimi nikasema hapana. Sikujua nitasema hivyo. Nikasema hii ni ya Prof, tunaisoma, hatuifuti, lakini hatuandiki humo tena. Mtu akitaka kusema nyumba imeenda, aseme yeye, na jina lake, akikosea tujue tunamwita nani.

Yule jamaa wa kompyuta akatusaidia kwa simu, tukafungua page mpya. Kila mtu na jina lake, kila mtu na paswadi yake. Na tumeziandika! Akinyi amezitia kwa Biblia, kati ya Ayubu na Zaburi, anasema hapo hakuna mwizi hufika.

Halafu wakaniambia nianze. Mimi, na hizi vidole za kubeba makochi. Nikakaa. Nilitafuta kila herufi kama mtu anatafuta shilingi kwa majani. Walikuwa wamesimama nyuma yangu, hakuna mtu alinisaidia, na niliwashukuru. Ikatokea hivi:

Karis ameandika: prof musyoka amekufa. ni kweli. mwenye atauliza aambiwe.

Nikaondoka kwa kiti. Wafula akakaa. Wafula ameandika: Ni kweli. Akinyi akakaa. Akinyi ameandika: Tulimzika Mwala, watu walikuwa wengi.

Na chini yake, kwa sababu maisha ni hivyo, Akinyi akaandika kuna nyumba Riruta imebaki wazi, funguo kwa Wafula, mwenye nyumba hapendi mziki.

Mama Kavita bado anatuangalia. Mwezi haujaisha. Sijui, Prof. Siwezi kukudanganya kwamba tumevuka. Lakini asubuhi nikifika nasoma majina matatu, na hakuna hata moja linanishtua.

Sasa nimesimama tena, naandikia hapa dirishani kwa ukingo, ndio unaona mwandiko umelala. Wacha nikuache. Lala, ndugu yangu. Lala kabisa, usifikirie fleti ya mtu.

Ahadi yangu ni hii. Nimepitia page yako yote na kidole, nimetoa orodha ya wenye nyumba wale wote hawajaambiwa. Yule mzee wa Kileleshwa bado anaweka gazeti akisema utapitia kulichukua. Kuna mama Uthiru amekuwekea mche wa parachichi kwa mkebe. Nitaenda kwa kila mmoja. Si kwa simu. Nitagonga, nitangoja afungue, nitavua kofia, nitamwambia mimi mwenyewe, na akitaka kukaa chini nitakaa naye. Kesho naanza na Kileleshwa. Halafu mwingine, halafu mwingine, mpaka kusibaki mtu Nairobi hii anakungoja mlangoni.

Ni mimi,
Karis